Mbunge si Serikali

Wiki iliyopita, wakati wa chakula cha mchana kazini hapa The Hague, televisheni ilikuwa ikionyesha mjadala wa Bunge la Uholanzi, na mbunge mmoja alikuwa akimbana waziri wa chama chake mwenyewe kwa swali lile lile, mara ya tatu. Kwa mazoea ya nyumbani nikasema kwamba leo Serikali inagombana yenyewe. Mwenzangu aliweka uma chini akaniambia, "Yule si Serikali. Serikali ni wale pale," akanionyesha kwa kidole viti vya pembeni, ambako mawaziri hukaa peke yao, wakitazamana na wabunge 150.

Uholanzi mbunge akiteuliwa kuwa waziri huachia kiti, na anayemfuata kwenye orodha ya chama huingia. Kwetu Tanzania Ibara ya 55 ya Katiba inataka mawaziri watokane na wabunge, kwa hiyo mtu yule yule huomba fedha za wizara yake kisha huitika "ndiyo" kuzipitisha. Rasimu ya Katiba Mpya ya Tume ya Jaji Warioba ya mwaka 2013 ilipendekeza kofia hizo mbili zitenganishwe, lakini safari ile ya Katiba Mpya iliishia njiani.

Najua nitaambiwa kwamba Ulaya imenilevya, na kwamba serikali za huku huanguka kila kukicha. Ni kweli huanguka. Januari 2021 baraza zima la mawaziri lilijiuzulu baada ya kubainika kwamba maelfu ya wazazi walikuwa wamesingiziwa udanganyifu katika posho za malezi ya watoto, na mmoja wa waliolifukua jambo hilo, Pieter Omtzigt, alikuwa mbunge wa chama kilichokuwamo serikalini. Baraza jipya halikupatikana hadi Januari 2022, na muda wote huo Bunge liliendelea kukaa na kuhoji.

Wala sisemi tujifunze kwa Wazungu, kwa maana sisi wenyewe tumewahi kuonyesha njia. Februari 2008 kamati teule ya Bunge letu, chini ya Dk. Harrison Mwakyembe wa chama tawala, ilisoma mjini Dodoma ripoti kuhusu zabuni ya umeme iliyopewa kampuni ya Richmond, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Siku ile nilijivunia Utanzania wangu kuliko siku nyingi.

Ndiyo maana inaniuma kusikiliza michango ya siku hizi, ambapo dakika chache alizopewa mbunge huishia katika shukrani na pongezi, kisha "Mheshimiwa Spika, naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja." Atakayesema kosa ni la wabunge peke yao, simkubalii. Sisi ndio tunaowapima kwa mabati, jezi na rambirambi. Juzi mdogo wangu alinipigia simu akilalamika kwamba mbunge wao hajajenga daraja la kwenda zahanati, nami nikamuuliza kama mheshimiwa amewahi kusimama bungeni kumuuliza waziri fedha za daraja zimekwama wapi.

"Kaka, hilo hatujawahi kumwuliza," akanijibu. "Akija huwa tunamwomba saruji."

Daraja ni kazi ya Serikali, yenye bajeti, wahandisi na wakandarasi. Mbunge ana swali tu, na mifuko hamsini ya saruji tukiipokea mwaka huu, mwakani tutakuwa bado tunavuka mto kwa miguu huku yeye akiunga mkono hoja.