Chapa za kabuki: ukutani au kabatini?

Mwaka 1921 ndugu wawili wa Boston, William na John Spaulding, waliyakabidhi makumbusho ya sanaa ya mji wao, Museum of Fine Arts, chapa za Kijapani zaidi ya 6,000, yaani picha zilizochapwa karatasini kwa vibao vya mbao. Waliweka sharti moja: zisitundikwe ukutani hata siku moja. Anayetaka kuzisoma aletewe mezani, kisha zirudi gizani. Matokeo yake ni kwamba zambarau ambayo kwenye nakala nyingine imegeuka kahawia, Boston ingali zambarau.

Kwa sisi tunaonunua moja moja, hasa chapa za waigizaji wa kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani, sharti hilo ni ugomvi usiokwisha. Wanaolipinga wana hoja nzito. Hizi hazikuwa hazina za wafalme. Huko Edo, ambayo leo ni Tokyo, mshabiki alinunua sura ya mwigizaji wake kwa bei isiyopishana sana na bakuli la tambi, kama kijana wa leo anavyonunua bango la mchezaji mpira. Kitu kilichouzwa dukani kwa kila mpita njia, wanasema, ukikifungia umekigeuza hati ya benki. Na kweli wapo wanaonunua, wakafunga, wakasubiri bei ipande.

Lakini rangi hazina siasa. Buluu ya zamani ilikamuliwa kutoka ua dogo ambalo ni jamaa ya lile gugu linalotambaa kwenye mashamba yetu ya mahindi. Nyekundu ya beni nayo ni ya maua. Zote mbili zinapauka mwangani kama kanga iliyosahaulika kambani, na kilichopauka hakirudi. Buluu ya Prussia, iliyoenea Edo kuanzia karibu 1830, ni sugu zaidi, ila haiwezi kuiokoa nyekundu iliyo jirani yake.

Nina karatasi moja ya Kunisada, mchoraji wa Edo wa karne ya 19. Aliyekuwa nayo kabla yangu aliitundika mkabala na dirisha. Joho la mwigizaji limekuwa rangi ya chai ya maziwa. Nilipoitoa kwenye fremu, pembeni, pale palipofunikwa na kadibodi, palikuwa na ukanda wa zambarau mwembamba kuliko kidole. Nikaigeuza. Kwa nyuma rangi iliyopenya karatasi ilikuwa hai zaidi, na mizunguko ya baren, kile kisugulio cha mchapaji kilichofungwa kwa ganda la mwanzi, ilionekana wazi. Tangu siku hiyo sinunui chapa bila kuiona mgongo.

Hata hivyo, hoja ya "vitu vya watu" inayumba mahali pengine. Ni kweli wapo waliozibandika viambazani, lakini nyingi zilishikwa mkononi, zikapitishwa kwa jirani, zikashonwa albamu. Fremu na kioo ni mazoea ya vyumba vya Ulaya na Marekani. Mtazame mchoraji Sharaku, aliyeibuka mwaka 1794, akatoa chapa zaidi ya 140 kwa takriban miezi kumi, kisha akatoweka. Nyuso zake kubwa za mwanzo zimewekwa juu ya mandhari ya unga wa ulanga, lile jiwe la kumetameta, unaometa pale tu unapoiinamisha karatasi. Ukiibana nyuma ya kioo umeua nusu ya kazi yake, hata kama rangi hazijapauka. Kwa hiyo ukuta ninauona hasara mara mbili.

Kabati nalo lina deni lake. Boston unaweza kuomba nafasi ukaonyeshwa, na picha zake zimewekwa mtandaoni. Chuo Kikuu cha Waseda, Tokyo, nacho kimeweka mtandaoni picha za maelfu ya chapa za waigizaji kutoka makumbusho yake ya tamthilia. Droo ya mtu binafsi haina mlango wa namna hiyo. Anayeficha bila kumwonyesha yeyote anahifadhi rangi tu. Wala picha ya mtandaoni haitoshi, kwani ulanga kwenye skrini haumeti.

Anayetaka ukuta upendeze anunue nakala mpya. Karakana ya Adachi ya Tokyo bado inachonga vibao vipya vya mcheri na kuchapa kwa mkono, na nakala hiyo ikipauka hakuna kilichopotea duniani. Za kale mimi huzitoa jioni, mgeni akiwepo, taa ikiwa hafifu, tunazishika kwa mikono mikavu. Ile ya Kunisada nimeirudisha kwenye fremu ikiwa imegeuzwa, mgongo mbele, kwenye ukumbi usio na dirisha.