Kabla ya Lida, Tazama Magurudumu

Anayetafuta seti ya roboti ya kujifunzia kuchora ramani na kujiongoza hupewa jibu moja karibu kila anapouliza: chukua yenye lida (kihisi kinachopima umbali kwa miale ya leza), inayotumia ROS 2 (mfumo wa programu za roboti), utaiona ramani siku hiyo hiyo. Jibu hilo lina sababu zake, na nitazifikia. Ila limeifanya seti nyepesi, ile yenye mota mbili, enkoda mbili (vihisi vinavyohesabu mizunguko ya magurudumu) na bodi ya kuziendesha tu, ionekane kitu cha kuchezea watoto. Hapo sikubali hata kidogo. Kwa anayetaka kuelewa ramani inatoka wapi, seti hiyo ndiyo inayofundisha jambo ambalo mengine yote yanalitegemea.

Tufanye hesabu. TurtleBot3 Burger, mojawapo ya roboti zinazojulikana sana madarasani tangu 2017, ina magurudumu yenye kipenyo cha milimita 66, na kati ya gurudumu na gurudumu kuna milimita 160. Chukulia moja limezidi jingine kwa asilimia 1. Hiyo ni milimita 0.66, tofauti usiyoweza kuiona kwa macho. Wala si jambo la ajabu: mpira wa upande mmoja umelika, au betri imekaa kushoto ikaubonyeza.

Sasa iamuru iende mbele mita 4 kwa kutegemea enkoda peke yake. Gurudumu kubwa litakuwa limekwenda sentimita 4 zaidi. Gawa sentimita 4 kwa zile 16 zilizo kati ya magurudumu, unapata robo ya radiani, yaani nyuzi 14 na ushee. Roboti imegeuka kiasi hicho na imechepuka pembeni nusu mita nzima, huku yenyewe ikiripoti kwamba imenyooka, kwa kuwa enkoda zote mbili zimehesabu mizunguko ileile. Ongeza safari iwe mita 8. Mgeuko unakuwa mara mbili, lakini mchepuko hauwi mita 1, unakaribia 2. Umbali ukizidi maradufu, kosa la pembeni linazidi karibu mara nne. Nusu milimita na kitu ya mpira imezaa mita mbili za uongo, na hakuna taa iliyowaka wala onyo lililotokea kwenye skrini.

Mwanafunzi aliyeyaona haya sakafuni, aliyepiga mstari wa chaki, akaitazama roboti ikiuacha mstari taratibu, akapima pengo kwa tepu na kurudi kubadilisha namba ya kipenyo kwenye programu, huyo hahitaji kuelezwa kwa nini SLAM (mbinu ya roboti kuchora ramani huku ikikisia mahali ilipo) ilibuniwa. Anajua tayari tatizo ni lipi. Akiendelea kidogo atakutana na jaribio la watafiti Borenstein na Feng la miaka ya 1990: roboti inazungushwa kwenye njia ya mraba, kwanza kwa mwelekeo wa saa, halafu kinyume chake. Inazungushwa pande zote mbili kwa sababu kosa la vipenyo na kosa la umbali kati ya magurudumu huweza kufutana upande mmoja, ukadhani roboti yako ni safi, kisha yakajumlishana upande wa pili. Jaribio hili linataka sakafu na subira tu, na roboti yenye lida hailifanyi vizuri zaidi kuliko isiyo nayo.

Wanaotetea seti kamili wana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni muda. Kozi ikiishia kwenye nyaya na skrubu, wanafunzi hawatafika kwenye kufunga mzunguko wa ramani (roboti kutambua imerudi ilipokwisha kupita), kupanga njia, wala kukwepa vizuizi. Ya pili ni nzito zaidi: seti mbovu haifundishi makosa ya vipimo, inafundisha kukata tamaa. Seti nyingi za bei ndogo huja na mota zisizo na enkoda kabisa, au enkoda yake ni kisahani chenye matundu 20. Kwa gurudumu la milimita 66, kila tundu ni karibu sentimita moja ya safari, na kisahani chenye kihisi kimoja hakikuambii kama gurudumu linakwenda mbele au linarudi nyuma. Mota za Burger hugawanya mzunguko mmoja sehemu 4,096. Nikisema seti nyepesi, basi, simaanishi ile ya kisahani.

Hata hivyo, dhana kwamba lida inakuondolea shida ya magurudumu si sahihi. Programu nyingi za kuchora ramani huanza na makisio ya magurudumu, kisha hulinganisha miale ili kuyasahihisha. Ipeleke roboti kwenye ukumbi mrefu wenye kuta laini, ambako mwisho wa ukumbi hauonekani. Kila mpigo wa lida unafanana na uliotangulia, na suala la kama imesogea mita moja au tatu linabaki mikononi mwa enkoda. Lida ya kwanza ya TurtleBot3, LDS-01, hupiga nukta 360 kwa mzunguko na kuona hadi mita 3.5. Kwenye umbali huo, nukta na nukta zimeachana sentimita 6, hivyo mguu wa kiti unaweza kupita katikati usionekane. Meza nayo itaonekana miguu tu, kwa sababu miale inakwenda kwenye kimo kimoja.

Kuna wanaosema uigaji wa Gazebo, programu ya kuigiza roboti kwenye kompyuta, unatosha. Kwa kujifunza programu, unatosha kabisa, na ni bure. Lakini humo magurudumu hulingana hadi uyaharibu mwenyewe. Yaharibu basi! Weka ile asilimia 1 uone.

Kwa hiyo nikishauri, nasema seti yenye enkoda nzuri kwanza, na iwe na nafasi ya kuongeza lida baadaye. Aliyekwisha kununua seti kamili naye hajapoteza kitu. TurtleBot3 haifichi mambo yake: nusu kipenyo cha gurudumu na umbali kati ya magurudumu vimo kwenye faili la mipangilio, na humo humo unaweza kuzima kihisi cha mzunguko kinachosahihisha mwelekeo kimyakimya. Kizime, iache lida pembeni, upige mstari wako wa chaki. Tofauti ni kwamba seti kamili haikulazimishi kufanya hivyo, na wengi, ramani ikishatokea kwenye skrini, hawarudi tena nyuma.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji mambo matatu. Enkoda inatoa hesabu ngapi kwa mzunguko wa gurudumu, na je, inatambua mwelekeo? Hesabu hizo ghafi nitazisoma mwenyewe, au bodi inanipa mahali pa roboti tu, pakiwa pameshakokotolewa? Na programu ni toleo gani: kama bado ni ROS Noetic, toleo la ROS 1 ya zamani, ambayo msaada wake ulikoma Mei 2025, utajifunzia kwenye kitu kisichorekebishwa tena. Asipoweza kujibu lile la pili, tafuta seti nyingine, hata kama hiyo yake ina lida inayofika mita 12.