Maswali thelathini ya sura moja

Ukipita jioni penye vyumba vya tuisheni mjini Lamu, iwe Mkomani au Langoni, karatasi utakayoikuta mezani haina mageni: juu imeandikwa "Kujumlisha sehemu", chini yake maswali 30, yote ya sura moja. Mtoto akifika la tano hasomi tena, anafuata mkono tu. Akimaliza, daftari limejaa tiki, mwalimu ameridhika, mzazi naye anaona pesa yake haikwenda bure. Wiki ya pili swali kama lile likijitokeza katikati ya mengine, mtoto huyo huyo anauliza, "Hapa nizidishe au nijumlishe?"

Wako wanaosema dawa ni kumwongeza 30 mengine. Wako wanaosema kukariri kumepitwa na wakati, hasa tangu mtaala wa umilisi uingie, kwa hiyo apewe swali moja zito alifikirie kipindi kizima. Kila upande umeshika kipande cha ukweli, lakini wanagombania idadi. Mimi naona mpangilio wa maswali, na tarakimu zilizochaguliwa ndani yake, una uzito zaidi ya idadi.

Tuanze na watetezi wa kurudia, maana siku hizi wanaonewa. Akili hubeba vitu vichache kwa wakati mmoja. Mtoto anagawanya 1,736 kwa 7. Anaandika 2, anabaki na 3. Anaandika 4, anabaki na 5. Sasa ana 56. Kama 7 mara 8 haimo kichwani, ataanza vidole: 7, 14, 21... Atakaporudi kwenye daftari amesahau alikuwa wapi. Hapo maelezo hayamsaidii, hata yawe mazuri vipi. Kinachomsaidia ni kuijua 56 bila kuitafuta.

Tena mzigo wenyewe ni mdogo kuliko unavyotisha. Kuanzia 2 mara 2 hadi 9 mara 9, ukikumbuka kwamba 7 mara 8 na 8 mara 7 ni kitu kimoja, kuna majibu 36 tu ya kuhifadhi. Toa ya 2 na ya 5, ambayo watoto wengi huyapata mapema, yanabaki 21. Matatu mapya kwa siku, pamoja na ya nyuma, dakika 5 kabla ya somo: kwa siku 7 yote yamepitiwa, na wiki zinazofuata ni za kuyakaza. Sharti ni moja: yaulizwe yakiwa yamevurugwa. Aliyeimba jedwali kuanzia 7 mara 1 hulazimika kupanda ngazi yote kila anapoulizwa, kama aliyehifadhi sura lakini akiambiwa aanzie aya ya katikati anashikwa na kigugumizi.

Kurudia kunaharibika pale kichwa cha karatasi kinapomfanyia mtoto kazi iliyo ngumu zaidi, yaani kuamua njia. "Kujumlisha sehemu" ikishaandikwa juu, kilichobaki ni kutekeleza.

Mwaka 2007 watafiti wawili wa Marekani, Doug Rohrer na Kelli Taylor, walichapisha jaribio linaloonyesha jambo hili waziwazi. Wanafunzi wa chuo walifundishwa kutafuta ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida. Kundi moja lilifanya mazoezi umbo baada ya umbo. Jingine lilipewa maswali yale yale yakiwa yamechanganywa. Wakati wa mazoezi, waliopangiwa walipata asilimia 89 na waliochanganyiwa 60. Wiki moja baadaye walipewa mtihani: waliopangiwa wakaanguka hadi 20, waliochanganyiwa wakapata 63. Kwa maneno mengine, zoezi lililopendeza zaidi machoni ndilo lililoacha kidogo zaidi kichwani.

Lakini nisiligeuze jaribio hilo kuwa hirizi. Wale walikuwa watu wazima wa chuo, na njia walikuwa wamefundishwa tayari. Mtoto wa Gredi ya 5 ambaye bado hajui asili, yaani namba ya chini ya sehemu, ni nini, ukimchanganyia maswali siku ya kwanza unamzamisha. Huyo anahitaji kwanza mfano uliokwisha kufanywa, hatua kwa hatua, kisha swali pacha lake alifanye mwenyewe, kisha mfano mwingine, kisha pacha mwingine. John Sweller na Graham Cooper waliuonyesha ubora wa utaratibu huo katika aljebra mwaka 1985. Mifano miwili mitatu na mapacha yake inatosha. Baada ya hapo ndipo kuchanganya kunaanza kulipa.

Seti inayofaa kwa jioni moja basi inaweza kuwa na maswali 12: manne ya somo la leo, manne ya wiki iliyopita, manne ya mwezi uliopita, bila kichwa chochote. Na ndani yake ziwepo jozi zinazofanana sura lakini zinatofautiana njia. Kwa mfano: "Boriti ya mita 6 imekatwa vipande vya robo tatu ya mita. Ni vipande vingapi?" Halafu, maswali mawili mbele: "Robo tatu ya boriti ya mita 6 imepakwa rangi. Ni mita ngapi?" Tarakimu ni zile zile, 6 na ¾. La kwanza jibu ni 8, la pili ni 4.5. Mtoto anayenyakua namba bila kusoma atatoa jibu moja kwa yote mawili. Na hata anayepata 8 mara nyingi huifuta, kwa sababu ameshaamini kwamba kugawanya lazima kupunguze.

Tarakimu zenyewe zinastahili uangalifu ambao vitabu vingi vya marudio havina. Uliza ipi kubwa kati ya 0.62 na 0.4, na mtoto anayedhani desimali ndefu ndiyo kubwa atapata tiki. Uliza 0.35 na 0.4, na kosa lake litajitokeza. Toa 23 kwenye 58, hujajua kitu. Toa 27 kwenye 52: akileta 35, ujue kila safu ameitoa ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Nusu kujumlisha theluthi akiandika 2/5, amejumlisha juu na juu, chini na chini. Muulize kama 2/5 inazidi nusu, atajishtukia mwenyewe. Maswali 4 ya namna hii yanamwambia mwalimu mengi kuliko 30 ambayo njia mbovu na njia sahihi zinaleta jibu moja.

Kuna wanaodhani swali linakuwa la kwetu ukiondoa tufaha ukaweka nazi. Hiyo ni rangi tu. Swali la Lamu ni lile ambalo hesabu yake yenyewe imetoka Lamu. Miti ya mikoko huhesabiwa kwa korija, na korija ni 20. Mwenye korija 7 na miti 5 akiuza korija 3 na miti 8, anabaki na nini? Inabidi avunje korija moja: 6 na miti 25, toa 3 na miti 8, zinabaki korija 3 na miti 17, yaani miti 77. Aliyezoea "kukopa 10" bila kuelewa atasema korija 3 na miti 7. Amepungukiwa na miti 10 kamili, na pengo hilo linaonyesha moja kwa moja alipopotea.

Saa nayo. Nyumbani boti ya Mokowe huondoka saa 8 mchana. Darasani, kwa Kiingereza, aandike kwa mfumo wa saa 24. Mtoto anaongeza 12, anapata 20:00, anakatwa alama. Kujumlisha anajua, ila ameanzia saa nyingine. Saa zetu za mchana huongezwa 6, kwa hiyo 14:00. Za usiku huongezwa 18, na zikipita 24 unatoa 24, hivyo saa 9 usiku ni 3:00. Muda wa safari hauna taabu hiyo, maadamu safari haivuki saa 12 kwa saa zetu wala saa 6 usiku kwa mfumo wa saa 24: toa saa ya kuondoka kwenye ya kufika, jibu ni lile lile kwa hesabu yoyote.

Mwenye kutetea karatasi za mitihani iliyopita naye ana hoja. Hisabati ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, ina karatasi mbili, kila moja saa mbili na nusu kwa alama 100: maswali 16 ya lazima yenye alama 50, kisha 8 ambayo mtahiniwa huchagua 5, kila moja alama 10. Hiyo ni dakika moja na nusu kwa alama, hivyo swali la alama 3 lina dakika 4 na nusu. Mwendo huo haufunzwi na kitu kingine. Ila karatasi hizo ni za miezi ya mwisho. Ukizianza mapema, mtoto anahifadhi majibu na kipimo kinakufa.

Kwa mwalimu mwenye darasa kubwa, kuchanganya ni kazi. Asitunge: achukue maswali mawili mawili kutoka sura sita za kitabu alicho nacho. Majibu ayaandike ubaoni, watoto wajisahihishie 9, yeye asahihishe 3 akiangalia hatua.

Kikwazo kikubwa kiko mlangoni kwa mzazi, ambaye ameona 89 ikishuka hadi 60 na anataka kuhamisha mtoto. Mwalimu wa tuisheni aandike alama mbili kwenye daftari: ya siku ya zoezi, na ya maswali ya aina hizo hizo, tarakimu zikiwa zimebadilishwa, siku ya nane. Ya pili ndiyo ya kumpelekea mzazi.