Nani Mwenye Mamlaka ya Kusema Vizimba Vimejaa?

Katika vituo vingi vidogo vya kuokoa wanyama, mwanzilishi ndiye mwenyekiti wa bodi, ndiye mkurugenzi mtendaji, na pengine ndiye mtia saini wa pekee benki. Anayependekeza kofia hizo zigawanywe hushutumiwa kwamba anataka kumpokonya mtu kazi aliyoijenga kwa jasho lake, au kwamba hana huruma kwa wanyama. Shutuma hiyo ya pili inauma zaidi, na ndiyo isiyo ya haki.

Mwanzilishi ana hoja. Ndiye anayepigiwa simu usiku wa manane, na mbwa aliyegongwa na gari hawezi kusubiri akidi itimie. Wapo pia wajumbe wa bodi ambao hawajawahi kusafisha hata kizimba kimoja, lakini wanataka kuamua hadi aina ya chakula. Hao wanaingilia utendaji, na ana haki ya kuwakatalia.

Tatizo huanza pale anayepokea wanyama anapokuwa pia mwamuzi wa idadi ambayo kituo kinaimudu. Aliyesimama mbele ya mnyama anayetetemeka hawezi kumkataa, na hatupaswi kumlaumu kwa hilo. Hata hivyo, nafasi ikiisha, chumba cha karantini hugeuzwa makazi ya kawaida, na mtoto wa mbwa aliyeletwa jana hulazwa karibu na wengine ambao hawajamaliza chanjo. Akiwa na virusi vya parvo, vinavyosababisha kuhara na kutapika na vinavyoweza kuua watoto wa mbwa, anaweza kuvitoa kwa kinyesi hata kabla ya kuonyesha dalili, na virusi hivyo hudumu katika mazingira kwa miezi mingi, wala sabuni ya kawaida haiviui. Gharama ya huruma aliyofanyiwa mmoja hubebwa na wale waliokwisha kuokolewa. Wakati huo deni la daktari wa mifugo linapanda na wanaojitolea wanaondoka mmoja mmoja, huku mwenyekiti aliyepaswa kumhoji mkurugenzi akiwa ni mkurugenzi mwenyewe. Je, huruma ni ya nani hapo?

Kuongeza majina kwenye bodi hakutoshi. Katika bodi ya watu watatu, mwanzilishi na mwenzi wake tayari ni wengi, na kila kura imekwisha kabla ya kupigwa. Wajumbe wasio na undugu naye wala maslahi ya kifedha katika kituo ndio wanaopaswa kuwa wengi, na kama analipwa mshahara, asipige kura juu ya mshahara huo.

Naona mwanzilishi abaki mkurugenzi, mtu mwingine awe mwenyekiti, na hundi zihitaji saini mbili. Bodi iandike ukomo wa idadi ya wanyama, pamoja na nafasi chache za dharura, wakati vizimba vina nafasi na hakuna anayelia mlangoni. Ndani ya ukomo huo mkurugenzi aamue bila kumwomba mtu ruhusa.