Nimetariziwa

Leo asubuhi, kabla hata basi halijaondoka, mkufunzi wetu amekipindua kitambaa changu, akautazama upande wa nyuma kwa muda mrefu kuliko daktari anavyoitazama picha ya mapafu, kisha akanena kwa upole: "Mzee wangu, tufumue." Amesema "tufumue" kana kwamba tungefumua pamoja. Nimefumua peke yangu.

Aliyewahi kusafiri na kikundi cha watarizi hahitaji kuelezwa uzito wa neno hilo. Naomba hata hivyo ifahamike kwamba mimi si mtu wa kulalamika ovyo. Nilijiunga na safari hii kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu, kwa kuwa tuliahidiwa kuiona dunia kupitia tundu la sindano. Sasa ni siku ya saba, nami nashuhudia kwamba dunia haipiti katika tundu hilo. Uzi wenyewe unapita kwa kubembelezwa. Tumevuka mito, tumepanda milima, tumepita mji ambao wenzangu wanausifu hadi leo, na katika muda huo wote mandhari niliyoyaona mimi ni mapaja yangu.

Sitazungumzia uwanja wa ndege, ambako mkasi wangu ulipimwa kwa rula kuanzia kwenye skrubu, kwa kuwa Ulaya makali yakizidi sentimita 6 hayaingii ndani ya ndege. Wala sitazungumzia siku ya kutia vitambaa rangi ya nili. Kitambaa hutoka kwenye pipa la rangi kikiwa na ukijani, kisha hewa hukigeuza kuwa buluu mbele ya macho yako, na nilishangilia kama wengine mpaka nilipotambua kwamba hewa huzitendea kucha vivyo hivyo.

Jambo lenyewe lilitokea jana alasiri. Mkufunzi wetu anaamini kwamba saa za ndani ya basi ni saa za kazi, kwa hiyo kila mtu hukaa na fremu yake mapajani na kushona huku akirushwarushwa. Jirani yangu ni bibi mmoja mwenye adabu nyingi ambaye tangu siku ya kwanza hajatumia kifaa chake mwenyewe. "Mwanangu, niazime subana." "Mwanangu, niazime mkasi." Nilimwazima. Uzi wetu una nyuzi ndogo 6 zilizosokotwa pamoja, nasi tulikwisha kufundishwa kuchomoa moja moja na kukata urefu usiozidi kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko ili usijinyonge, lakini hakuna aliyetufundisha kuutunga uzi huo kwenye sindano wakati dereva anakwepa mashimo. Barabara iliponyooka, uzi ulipinda. Uzi uliponyooka, barabara ilipinda.

Hatimaye nikafaulu, nikaanza kutarizi mchoro wa mto unaotiririka kwa mshono wa mnyororo, na kwa mara ya kwanza katika safari hii mkono ukanikubali. Sindano ilikwenda na kurudi kwa utulivu, mnyororo ukalala sawasawa kama umepigwa pasi, nami kwa karibu saa mbili nikajiona mtu mwenye kipaji kilichocheleweshwa na mazingira. Basi liliposimama, mkufunzi aliagiza sote tusimame na kuinua kazi zetu juu. Niliinua yangu kwa fahari. Paja likafuata.

Nilijaribu tena, taratibu, kwa heshima ya mtu anayejinyoosha tu. Hapakuwa na shaka: nilikuwa nimekishona kitambaa kwenye suruali niliyoivaa, mto mzima, kutoka chanzo hadi karibu na bahari. Nikanong'ona niletewe mkasi wangu. Bibi akajibu kwa sauti iliyofika kwa dereva kwamba ameuhifadhi salama kwenye begi lake, na begi limo kwenye buti. Hapo ndipo nilipozungukwa. Mmoja alishauri nivue, mwingine alishauri tukate suruali, wa tatu alipiga picha. Mkufunzi akaja, akapiga goti mbele yangu, akapapasa mshono kwa kidole, nami nikangoja pole. Badala yake akawaita wote wasogee.

"Tazameni mkazo wa uzi huu," akasema. "Haujalegea, haujakunja kitambaa. Suruali imeushikilia."

Nikafanywa kifaa cha kufundishia kwa muda wa robo saa, mguu mmoja juu ya kiti, huku watu wazima wakipokezana kuchungulia goti langu. Kisha akaniuliza kama ningekubali kazi hiyo ionyeshwe siku ya mwisho. Nikauliza, ionyeshwe na nini? "Na suruali, bila shaka." Nina suruali mbili tu, ndugu zangu! Nafasi iliyobaki begini ilijazwa vitambaa kwa amri yake mwenyewe!

Usiku sikulala, nilikuwa nikikata na kutenganisha. Asubuhi, mto uliokosa suruali ukajikunyata kama jani kavu, na ndipo lilipokuja lile "tufumue", likifuatiwa na swali la masikitiko kwamba kwa nini niliitoa.

Ili kunifariji, alinikumbusha zulia la kale la Bayeux, mji wa Ufaransa, ambalo huitwa zulia ingawa kwa kweli ni kitani kilichotariziwa kwa nyuzi za sufu, nalo lina urefu wa karibu mita 70. Nimepiga hesabu. Kwa mwendo wangu wa sentimita moja kwa siku ningehitaji miaka 19 na ushei, bila kuhesabu siku za kufumua, na walioitarizi kazi ile hawakuwa ndani ya basi, wala hawakuketi na bibi huyu, ambaye sasa hivi ananiuliza kama nimeiona sindano yake. Anakumbuka aliichomeka mahali kwenye kiti chetu, ila hakumbuki upande gani. Nimesimama tangu saa tatu asubuhi.