Kivuli cha Hagurosan na viwanja vya kwetu

Saa saba mchana mwezi wa Agosti, mji wa Tsuruoka huku kaskazini mwa Japani huwaka kama kikaango. Panda basi dakika kama 40 hadi Zuishinmon, lango la mlima mtakatifu wa Hagurosan, ingia ndani hatua chache, na jua limekatika. Kivuli hicho ndicho kinachoniuma.

Ngazi za mawe ni 2,446, mwendo wa kilomita 1.7, yapata saa moja kwa mtu asiye na haraka. Za kwanza zinateremka hadi mtoni, na hapo ndipo wageni wanapodanganyika. Wakishapita pagoda, yaani mnara wa ibada, ya orofa tano, yenye urefu wa mita 29, huvamia mwinuko wa kwanza mbio. Miinuko ni mitatu, na wa pili ndio wenye kukata pumzi. Viatu vya soli laini viache: mawe yameota ukijani, mvua ikinyesha yanateleza. Wakati wa kushuka weka mguu kiubavu, maana magoti huumia zaidi kurudi kuliko kwenda.

Sasa tazama kando. Mierezi zaidi ya 500, mingi ina miaka 350 hadi 500. Haikujiotea. Tenyu, mkuu wa mlima huu, alianza kujenga ngazi mwaka 1648, kazi ikachukua miaka 13, na mingi ya miti hii akaipandisha.

Najua yanakuja: “Keshaona Ulaya ya Asia, sasa anatudharau.” “Ameanza kuabudu miti.” Sidharau mtu. Juu, mbele ya hekalu, watu huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, huinama tena mara moja. Mwislamu au Mkristo asiyetaka husimama pembeni kwa adabu, na hakuna anayemlazimisha.

Na wazo lenyewe ni letu pia! Ukienda Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wamijikenda huko Diani, pwani ya Kenya, unafungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia, na hutoki hata na jani. Mwaka 2008 UNESCO iliandikisha misitu ya kaya za Wamijikenda kuwa urithi wa dunia. Wazee wetu hawakungoja Mjapani awafundishe kwamba mti wa mahali patakatifu haukatwi.

“Wajapani wana pesa.” Mwaka 1648 pesa gani? Paa la hekalu la hapo juu, lililojengwa upya mwaka 1818, ni la nyasi, unene wake mita 2.1. Nyasi hizo, kwa Kijapani, huitwa kaya. Mwingine atasema hawa hawa wamenunua magogo ya misitu ya Borneo. Ni kweli, na kwa hilo siwatetei. Lakini mierezi ya njia hii wameiacha imesimama, nasi tunakata misitu ya kwetu, kipande kwa kipande, gunia la makaa kwa gunia, hadi kilichobaki kinaonekana chote kutoka barabarani.

Wazee wa kaya wanalinda kwa kiapo na kwa fingo, hirizi ya ulinzi iliyozikwa ardhini. Mnunuzi wa kiwanja mwenye hati mkononi haogopi fingo. Kila kaya ambayo bado haina hati ipewe, kwa jina la wazee wake, kabla mpima ardhi mwingine hajasimika bikoni.