Chama cha wenyeji wa zamani Dodoma: ubaguzi au deni la kuzikana?

Mtu amejenga Chang'ombe ya Dodoma, ana miaka kumi na mbili hapo, michango ya mtaa hakosi. Akiomba kuandikwa kwenye daftari la chama cha kufa na kuzikana cha wazee, anaambiwa asubiri. Ndiyo maana vyama hivi vya wenyeji wa zamani vinaitwa vya kibaguzi, hata vya kikabila.

Anayesema ukabila hajayasoma majina yaliyomo humo daftarini. Mji huu ulianza 1907, Wajerumani walipokuwa wakijenga Reli ya Kati. Waliobaki walikuwa vibarua, wapishi na wachuuzi wa kila upande, wakichanganyika na Wagogo. Wengi hawakuwa na ukoo karibu, kwa hiyo jirani ndiye aliyekuja kuwa ndugu wa kuchimba kaburi.

Na kazi hiyo ndiyo kiini cha chama mpaka leo. Mwanachama akifiwa usiku, asubuhi turubai limeshafungwa, masufuria makubwa yametoka kwa mweka hazina, vijana wana sururu na koleo. Kiangazi ardhi ya hapa inakaza, kaburi moja linakula saa nyingi na watu wa kupokezana. Asiyetokea anapigwa faini. Fedha ya rambirambi ni sehemu ndogo tu. Kinachodaiwa ni mwili wako kuwepo.

Sasa tazama sensa. Mwaka 2012 jiji la leo lilikuwa na watu 410,956. Mwaka 2022 wakafika 765,179. Ni nyongeza ya watu 354,223 ndani ya miaka kumi. Hata ukiondoa waliozaliwa hapa, waliohamia ni wengi mno, hasa baada ya serikali kutangaza 2016 kwamba inahamia. Wengi wao wakifariki wanasafirishwa: Moshi, Bukoba, Mbeya. Mahitaji yao ni jeneza na gari, na makundi yao ya kazini na ya nyumbani huchanga haraka. Daftari likijaa wao, mjane wa Majengo atachangia safari za maiti miaka yote, halafu siku yake wachimbaji wako ofisini. Hofu hiyo si chuki.

Lakini wapo wahamiaji walionunua, wakaoa, watakaozikwa hapahapa. Yupo mpangaji asiye na ndugu hata mmoja mjini. Na watoto wa wanachama, ambao ndio wachimbaji, wengi wamekwenda Dar es Salaam. Kuhusu wanawake sina utetezi kabisa: wanapika kila msiba, kwenye kamati huwaoni. Hilo ni dhuluma tupu.

Mlango ubaki, ila swali libadilike. Badala ya "ulikuja lini?", wazee waulize "utazikwa wapi?" na waangalie nani amekuwa akishika koleo misibani bila kuitwa. Huyo aandikwe, awe amehamia mwaka jana au amezaliwa Kikuyu ya hapahapa Dodoma.